Gita la Besi na Dansi ya Bonde la Kilombero

Historia ya muziki wa dansi katika nchi yetu imezoea kuandikwa kwa majina ya waimbaji na ya wapiga gita la solo. Ukimwuliza mwanafunzi wa sekondari habari za muziki wa Morogoro atakutajia Mbaraka Mwinshehe, na kama nyumbani kwao wamo wazee wenye kumbukumbu nzuri atamwongeza Salum Abdallah. Hiyo ni haki yao. Lakini mwulize ni nani aliyekuwa akipiga besi nyuma yao, naye atanyamaza. Wala sisi walimu wake hatutamshinda sana. Katika insha hii tumekusudia kulitazama gita hilo la nyuma, na tumechagua kulitazama tukiwa tumesimama Ifakara badala ya Dar es Salaam. Sababu ya kuchagua hivyo itaonekana huko mbele.

Sauti nzito inayobeba ngoma si ngeni kwetu. Kabla ya umeme, katika ngoma nyingi kilikuwapo chombo kilichokaa chini ya vingine vyote, kikisema maneno machache lakini yasiyoweza kukosekana. Msondo ni mfano mmoja, na si ajabu kwamba bendi ya wafanyakazi, NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuja kulichukua jina la ngoma hiyo kuwa jina la mtindo wake. Kule Unguja wapigaji wa kidumbak walipoihitaji sauti nzito bila ya kuwa na fedha za kununulia chombo cha dukani, walichukua sanduku la mbao, wakasimamisha mti na kufunga uzi; chombo hicho huitwa sanduku mpaka leo. Vikundi vya taarab vyenye uwezo zaidi vilitumia besi ya kusimama, ambayo ni jamaa mkubwa wa fidla na ni ndefu kuliko mpigaji wake.

Besi ya kusimama ina taabu zake. Haibebeki kwa urahisi, na vyombo vingine vikipata umeme yenyewe humezwa. Taabu hizo ziliwakabili kwanza wanamuziki wa Marekani wanaoishi kwa kupiga muziki usiku hadi usiku, leo ukumbi huu na kesho ukumbi ule. Katika miaka ya 30 fundi mmoja wa mji wa Seattle, Paul Tutmarc, alitengeneza besi ya umeme ya kupakata, lakini haikuenea. Mwaka 1951 Leo Fender, mtu wa California ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kutengeneza redio mbovu, alitoa gita la besi lililoitwa Precision. Halikuwa na tumbo la wazi kama gita la kawaida. Kiwiliwili chake kilikuwa ubao mzima. Shingo yake ilikuwa na vijiti vya chuma vinavyomwonyesha mpigaji mahali pa kubonyeza ili sauti isipotoke, na ndiyo maana likaitwa kwa neno lenye maana ya usahihi. Shingo hiyo ilishikizwa kwenye kiwiliwili kwa skrubu nne tu. Mwaka 1960 likafuata jingine la kiwanda hicho hicho, lililoitwa Jazz Bass. Huko Ujerumani nako kampuni ya Höfner ilikwisha kutoa besi yenye umbo la fidla, ile iliyojulikana duniani kote mikononi mwa Paul McCartney.

Magita hayo ya kwanza yamependwa na wapigaji wa roki kwa muda mrefu kuliko wenye kuyatengeneza walivyotazamia. Mwaka 1965 Fender aliuza kampuni yake, na tangu hapo wapigaji wengi wakashikilia kwamba yale ya zamani ni bora. Bei zake zikapanda mpaka kufikia bei za vitu vya kumbukumbu. Katika imani hiyo mna ukweli na mna ushabiki. Ukweli wake ni kwamba gita lenye shingo ya skrubu na nyaya chache ndani yake hutengenezeka. Likivunjika shingo hutiwa nyingine; likinyamaza, yeyote anayejua kuchomelea waya wa redio hulisemesha tena. Sifa hiyo, ambayo kwa mpigaji wa California ilikuwa jambo la urahisi, kwetu ilikuja kuwa jambo la uhai wa bendi.

Gita la besi liliingia katika dansi yetu kwa njia zaidi ya moja. Njia pana ilikuwa ile ya rumba ya Kongo, iliyosikika katika redio na santuri tangu kabla ya Uhuru, na ambayo baadaye ilituletea hata wapigaji wenyewe, kama Orchestra Maquis iliyohamia Dar es Salaam katika miaka ya 70. Klabu za dansi za miji yetu, ambazo nyingine zilikuwa na umri mkubwa, kama Dar es Salaam Jazz ya mwaka 1932 na Morogoro Jazz ya mwaka 1944, zikabadilisha vyombo vyao polepole, magita ya umeme yakichukua mahali pa vyombo vya zamani. Njia ya pili ilikuwa ya vijana wa mijini waliopenda roki na soul. Muziki wa soul ulipopigwa marufuku Dar es Salaam mwaka 1969, watu walizuiwa kuucheza, lakini vidole vya wapiga besi vilikuwa vimekwisha kujifunza. Bendi ya Sunburst, iliyokuwa na Bashir Idi Farhan kwenye besi, ilichanganya roki na soul na midundo ya nyumbani bila ya kuomba radhi kwa mtu, na mwaka 1976 ikatoa santuri ndefu iitwayo Ave Africa. Kwa maoni yetu bendi za namna hii zimesahauliwa mno katika vitabu vya utamaduni, pengine kwa sababu zilivaa suruali pana na kuimba Kiingereza.

Sasa twende bondeni. Anayetoka Morogoro hupita Mikumi, akateremka Kidatu chini ya milima ya Udzungwa, akayapita mashamba ya miwa na kufuata ukingo wa milima hadi Ifakara, penye mpunga na maji. Ng'ambo ya mto Kilombero iko njia ya Lupiro na Mahenge. Hii ni nchi ya Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena, nchi yenye ngoma zake, mojawapo ikiwa sangula. Mvua za masika zikizidi, barabara hukatika. Kwa hiyo kwa miaka mingi dansi ya umeme iliwafikia watu wa bonde hili kwa mlango mmoja, nao ni redio.

Hapa tunaomba uvumilivu wa wasomaji wasiopenda fizikia. Gita la besi lina nyuzi nne. Ule mnene kuliko wote ukipigwa wazi hutetema mara 41 hivi kwa sekunde, unaofuata mara 55, wa tatu mara 73, na ule mwembamba mara 98. Maana yake ni kwamba nyuzi zote nne, zisipobonyezwa, ziko chini ya mitetemo 100. Spika ya redio ndogo ya betri, yenye upana wa kiganja, huanza kuchoka kabla ya kushuka hata kwenye mitetemo 150. Inachopeleka sikioni ni mwangwi wa juu wa sauti ile, na sikio, kwa kuwa ni chombo cha ajabu, huukisia uzito ambao haupo. Hivyo msikilizaji huweza kuufuata wimbo wa besi, lakini mwili wake haumfikii. Walimu wa sayansi wanaweza kulithibitisha jambo hili darasani kwa redio ndogo na spika kubwa, ikiwa shule inazo.

Matokeo yake kwa historia ya muziki si madogo. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wanamuziki wa bendi zetu katika chumba chake na kuwapeleka hewani nchi nzima. Kwa njia hiyo mkulima wa Mngeta aliijua sauti ya mwimbaji, akalijua gita la solo kiasi cha kuliimba kwa mdomo akiwa shambani. Besi hakuijua. Aliijua siku bendi ilipokuja yenyewe, spika kubwa zikapangwa ukumbini, na ardhi ikasema. Mtu aliyesikia wimbo ule ule mara hamsini redioni alisimama karibu na spika akagundua kwamba nusu ya wimbo alikuwa hajaisikia. Ndiyo sababu tulitaka kulitazama gita hili kutoka Ifakara. Mjini, penye dansi kila Jumamosi, jambo hili halionekani.

Kuja kwa bendi kulitegemea mambo mawili, fedha na njia. Fedha ilikuwapo kwa majira. Wafanyakazi wa miwa huko Kidatu na Msolwa walikuwa na mwisho wa mwezi. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 60, na mahali penye mshahara bendi hupajua haraka kuliko mtoza kodi. Wakulima wa mpunga walikuwa na miezi yao baada ya mavuno. Kuhusu njia, badiliko kubwa lilikuwa reli. Ujenzi wa TAZARA ulianza mwaka 1970, na mwishoni mwa mwaka 1971 mataruma yalikuwa yamekwisha kupita bondeni na kufika Mlimba, kilomita 502 kutoka Dar es Salaam. Reli nzima ilikabidhiwa mwezi Julai mwaka 1976. Vituo vya Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Chita na Mlimba vikawa majina ya kawaida katika midomo ya wasafiri. Vyombo vya bendi ni mzigo mzito: amplifaya, masanduku ya spika, tumba, ngoma za miguu, na pasipo umeme, jenereta pia. Kwa lori la masika mzigo huo ulikuwa kamari. Waliotaka kwenda mbele hadi Mahenge walikuwa bado na kivuko cha kungojea.

Wenye kusafiri na bendi walikuwa wakisema kwamba katika mzigo wote huo gita la besi lilikuwa ndilo lisilotia wasiwasi. Ubao mzima hauogopi mtikisiko. Adui yake bondeni alikuwa unyevu, ambao hupinda shingo ya mti na kula nyuzi kwa kutu. Kwa shingo iliyopinda, magita haya yana fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya mti, ambayo huweza kukazwa au kulegezwa mpaka shingo inyooke. Kwa nyuzi hapakuwa na fimbo. Nyuzi za besi ni nene, hutoka nje ya nchi, na bei yake ni kubwa. Wapigaji walizichemsha katika sufuria ili kuondoa jasho na uchafu, wakazikausha na kuzirudisha. Huko Marekani James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi za soul za kampuni ya Motown kwa gita lake la Precision la mwaka 1962, anasifika kwa kutobadilisha nyuzi zake kwa miaka mingi, kwa sababu alizipenda zikiwa zimefifia. Wapigaji wetu wengi walikuwa na sauti hiyo hiyo iliyofifia bila ya mtu kuwauliza kama wanaipenda.

Upungufu huo ulizidi baada ya mwaka 1977. Mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, nao haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Nairobi ndiko zilikokuwa studio na viwanda vya santuri vilivyotegemewa na bendi zetu, na ndiko kulikokuwa na maduka ya vyombo. Kisha vikaja vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, na uhaba wa fedha za kigeni ambao kila mtu wa rika hilo anaukumbuka kwa foleni zake. Nchi inayohangaika kupata mafuta na dawa haiwezi kulaumiwa kwa kutonunua nyuzi za magita. Bendi zikaendelea na vyombo zilivyokuwa navyo. Kwa njia hiyo magita ya miaka ya 60, ambayo ughaibuni yalianza kuhifadhiwa kwa thamani yake, hapa yaliendelea kufanya kazi kwa sababu hapakuwa na mengine. Tusidanganyane, hata hivyo: si kila bendi ilipata kumiliki gita la Fender lenyewe. Umbo lile liliigwa na viwanda vya Ulaya na Japani, na gita la kuigwa ndilo lililokuwa ndani ya uwezo wa wengi. Nalo lilikuwa na skrubu zake nne.

Liko jambo moja ambalo lazima tulieleze kwa urefu, maana hapa ndipo historia yetu inapoachana na ya wenzetu wa ng'ambo. Mpigaji wa roki wa London au Chicago huenda kazini na gita lake mwenyewe. Huondoka nalo bendi ikivunjika, na akizeeka huliuza au humwachia mwanawe. Katika Tanzania ya miaka ya 60 hadi ya 80 vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya klabu, ya shirika la umma, ya jeshi, ya polisi, au ya mtu binafsi mwenye ukumbi. Mpigaji aliajiriwa kama karani au dereva. Mpango huo ulikuwa na wema mkubwa, nao usibezwe: ulimpa mwanamuziki mshahara na, mara nyingi, heshima ya mfanyakazi, na bila ya mpango huo vijana wengi wenye vipaji wasingeligusa gita la umeme maishani mwao. Lakini mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Orchestra Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi. Kampuni hiyo ilipokwama, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, likaichukua bendi mwaka 1983. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye vyombo vya Safari Sound, akawavuta baadhi ya wanamuziki wake wakubwa. Watu walihama, vyombo vilibaki vilipo, vikingoja mikono mingine.

Kwa mwimbaji kuhama hakukuwa na hasara, kwa kuwa sauti yake aliondoka nayo. Mpiga besi aliondoka na vidole tu. Kule aendako alikuta gita jingine, lenye nyuzi za umri mwingine na shingo ya unene mwingine, akaanza upya kulizoea. Na kijana wa Ifakara aliyetamani kujifunza alikuwa na shida kubwa zaidi. Gita la solo aliweza kulijaribia kwa gita la kopo, lenye nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Vijana wengi wa Afrika wameanzia hapo. Besi haijaribiwi kwa kopo. Alingoja bendi ije, akawasaidia kushusha mzigo, akaomba kulishika wakati wapigaji wanakula. Huo ndio uliokuwa muda wa shule yake, na jioni ile ile au kesho yake lori liliondoka.

Hata hivyo ufundi ulikuwapo, na tena wa hali ya juu. Besi ya dansi yetu haitembei mfululizo kama ile ya roki. Husema neno, ikanyamaza, ikaliachia tumba nafasi, kisha ikarudi mahali ambapo mchezaji hakuitazamia. Na wimbo unapoingia sehemu yake ya pili, ile inayochemka, yenyewe ndiyo inayowazuia wengine wasikimbie. Suleiman Mwanyiro wa Mlimani Park alipewa na wapenzi jina la Kompyuta, nasi hatujui sifa iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu ambaye kazi yake ni kutokosea. Tom Malanga, aliyekuwa miongoni mwa walioiunda Les Wanyika huko Nairobi mwaka 1978, aliupa wimbo wa Sina Makosa besi ambayo watu huiimba kwa mdomo kama vile wanavyoimba maneno. Tunaona kwamba huyo ni mmoja wa wachache sana walioivusha besi mpaka ikapenya hata kwenye spika ndogo, na alifanya hivyo kwa kuifanya iwe wimbo kamili.

Mwisho wa mpango ule wa zamani haukuja kwa siku moja. Katika miaka ya 80 disko lilianza kuzunguka wilayani, likihitaji mtu mmoja na kanda zake mahali pa watu kumi na tano na lori. Biashara ya vyombo ilipolegezwa, vikaja vinanda vya umeme vyenye besi ndani yake. Miaka ya 90 mashirika mengi ya umma yakauzwa au kufungwa. Hata sukari ya Kilombero ikaingia mikononi mwa mwekezaji mwaka 1998. Pale ambapo shirika lilikufa, vyombo vyake viliorodheshwa pamoja na viti na meza. Mpigaji aliyeshika gita moja kwa miaka mingi hakuwa na hati ya kulidai, naye alirudi nyumbani akiwa hana chombo. Wachache waliobahatika waliingia katika bendi zilizoweza kujisimamia, kama ile ya NUTA ya zamani, iliyokuwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma.

Siku hizi anayekwenda Mahenge hangojei kivuko. Tangu mwaka 2018 liko daraja juu ya mto Kilombero. Kanda za Radio Tanzania zimo katika hifadhi ya Shirika la Utangazaji, na nyimbo nyingi za bendi za Morogoro na za Dar es Salaam zimo katika simu za vijana wa Ifakara, ambao huzisikiliza wakiwa kwenye bodaboda au kando ya mashamba ya mpunga. Jina la mwimbaji limo, na mara nyingi jina la mpiga solo limo pia. Tuliwahi kumwomba kijana mmoja atuchezee wimbo wa Morogoro Jazz, naye akauweka kwa furaha, akainua simu juu ili sote tusikie. Spika ya simu ile ilikuwa ndogo kuliko ya redio ya babu yake.